Sindano ya Shibe: Tathmini ya SymlinPen 60

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kongosho langu liliacha kunitengenezea kitu kimoja tu, nacho ni insulini. Nilipogunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza nikiwa kijana mjini Tanga, nilielezwa kwamba seli fulani zimekufa, kwamba kitu zilichokuwa zikikitengeneza kinaitwa insulini, na kwamba kuanzia siku ile nitakuwa nikijidunga mwenyewe. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, ila yalikuwa nusu ya habari. Seli hizohizo, ziitwazo seli beta, hutengeneza homoni ya pili ambayo huiachia kwenye damu pamoja na insulini kila tunapokula, na mtu akizipoteza seli hizo hupoteza homoni zote mbili kwa mpigo. Homoni ya pili inaitwa amilini. Tathmini hii inahusu kalamu ya dawa iliyobuniwa kushika nafasi yake, SymlinPen 60, ambayo nimeitumia nikiwa Minnesota, Marekani, kwa muda wa kutosha kuipenda na kuchoshwa nayo.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu dawa, ni haki kueleza kazi ya homoni inayoigwa, kwa sababu anayeitumia bila kulielewa jambo hili atadhani amepewa insulini ya aina nyingine, na kosa hilo linaweza kumdhuru. Insulini ni mlango wa kutokea: huisaidia sukari iliyokwisha kuingia kwenye damu itoke na kwenda kwenye misuli na viungo vingine. Amilini hulinda milango ya kuingilia. Chakula kikifika tumboni, hulizuia tumbo lisikimimine chote kwa mara moja kwenye utumbo mwembamba, hivyo wanga wa sahani ya wali huingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kufurika. Wakati huohuo huinyamazisha glukagoni, homoni nyingine ya kongosho ambayo huliamuru ini litoe sukari yake ya akiba. Hapa ndipo nilipoelewa kitu kilichonisumbua kwa miaka: kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, glukagoni haipungui baada ya kula kama inavyopaswa, na mara nyingine hupanda, kwa hiyo anakuwa na mito miwili ya sukari kwa wakati mmoja, mmoja ukitoka kwenye sahani na mwingine ukitoka kwenye ini, huku insulini aliyojidunga chini ya ngozi ikijikongoja njiani.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonivutia zaidi, nayo ni shibe. Katika shina la ubongo, upande wa chini kabisa, kuna sehemu ndogo iitwayo eneo la postrema, ambako kizuizi kinachoutenga ubongo na vitu vilivyomo kwenye damu kimeachwa na upenyo. Amilini hufika pale ikichukuliwa na damu na kutoa taarifa kwamba chakula kimeingia. Taarifa hiyo humfanya mlaji aridhike mapema na kuweka kijiko chini. Kwa bahati mbaya, sehemu hiyohiyo ndiyo inayopokea habari za sumu iliyoingia kwenye damu na kuamsha kutapika. Shibe na kichefuchefu, kwa hiyo, ni majirani waliotenganishwa na kiambaza kimoja, na yeyote atakayeitumia dawa hii atajua kiambaza hicho kilivyo chembamba.

Inashangaza kwamba homoni yenye shughuli nyingi hivi ilichelewa kujulikana. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza akadungwa Januari 1922. Amilini ilisubiri hadi 1987, ingawa alama zake zilikuwa zimeonekana kwa darubini tangu 1901, daktari Mmarekani Eugene Opie alipoeleza mabaka yaliyokuwa yamevivamia visiwa vya Langerhans, yaani vile vishada vya seli ndani ya kongosho, vya watu waliokuwa na kisukari. Mabaka hayo ni protini iliyogandamana, ambayo wanasayansi huiita amiloidi. Makundi mawili ya watafiti, la Per Westermark kule Uppsala nchini Uswidi na la Garth Cooper kule Oxford nchini Uingereza, yaliichambua protini hiyo na kukuta kwamba ni homoni fupi yenye amino asidi 37, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kama mnyororo kujenga protini. Kwa miaka zaidi ya 80 watu walikuwa wakiitazama kama uchafu.

Kugandamana huko ndiko kulikowapa kazi watengenezaji wa dawa. Amilini ya binadamu haikubali kukaa kwenye chupa kwa utulivu. Hunatana na kufanya nyuzi. Ufumbuzi ulitoka kwa panya. Amilini ya panya haigandamani, kwa sababu katika nafasi ya 25, ya 28 na ya 29 ya mnyororo wake kuna amino asidi iitwayo prolini, ambayo huvuruga mpangilio unaoziwezesha nyuzi kushikana. Kampuni ya Amylin Pharmaceuticals ya San Diego iliichukua amilini ya binadamu, ikapachika prolini katika nafasi hizo tatu, na ikapata pramlintaidi, dawa inayofanya kazi ileile bila kuganda. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha Machi 2005 kwa jina la Symlin, kwa ajili ya watu wenye kisukari cha aina ya kwanza au ya pili wanaotumia insulini wakati wa kula na bado sukari yao haijadhibitika. Kwa sisi wa aina ya kwanza ilikuwa dawa mpya ya kwanza tangu insulini yenyewe. Shangazi yangu, ambaye vita vyake na panya wa ghalani havijawahi kupata mapatano, hakufurahi nilipomweleza kwamba ninachojidunga kimeazimwa kwao.

Sasa kalamu yenyewe. SymlinPen 60 hutoa vipimo vinne tu: mikrogramu 15, 30, 45 na 60. Yuko ndugu yake, SymlinPen 120, anayetoa mikrogramu 60 au 120, ambaye kwa kawaida hupewa watu wa aina ya pili. Unafunga sindano mpya, unazungusha kitufe hadi kipimo chako kionekane kwenye kidirisha, unachoma tumboni au pajani, unabonyeza hadi mwisho. Huwezi kuomba mikrogramu 20 wala 50, na wapo watakaoona huo kuwa upungufu. Mimi nauona kuwa busara. Dawa hii ilipoanza ilikuwa ikiuzwa kwenye vichupa vyenye mikrogramu 600 kwa kila mililita, na mtumiaji alilazimika kuivuta kwa bomba la sindano la insulini, ambalo limechorwa kwa yuniti na wala si kwa mikrogramu. Mikrogramu 15 zilikuwa yuniti mbili na nusu. Mwambie mtu mwenye njaa, taa hafifu, na watoto wanaopiga kelele mezani, apige hesabu hiyo mara tatu kwa siku bila kukosea. Kalamu imeiondoa hesabu hiyo, na kwa hilo peke yake inastahili heshima.

Upungufu wake uko kwingine. Sindano zake hazimo kwenye boksi. Zinaandikiwa na kununuliwa kando. Dawa yenyewe ni maji maangavu, sawa na insulini ya kabla ya mlo, na kalamu mbili zikikaa pamoja kwenye kikapu kimoja cha jokofu ni rahisi mno kuichukua isiyo yake. Nilifunga mpira mwekundu kwenye moja wiki ya kwanza, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo. Tena, kalamu ikishaanza kutumika ina maisha ya siku 30, basi. Ndani yake kuna mikrogramu 1,500, ambazo kwa anayejidunga 60 mara tatu kwa siku huisha kwa takribani siku nane, lakini kwa anayeanza na 15 hazimaliziki kabla ya muda kwisha, na kilichobaki hutupwa. Kutupa dawa ya bei kubwa ni jambo ambalo mtu aliyelelewa Tanga halizoei hata akae ughaibuni miaka mingapi.

Masharti ya matumizi ni mengi kuliko ya dawa nyingine yoyote niliyowahi kushika, na tathmini yoyote inayoyaruka haifai. Karatasi ya maelezo imebeba onyo ndani ya boksi jeusi, onyo la daraja la juu kabisa nchini Marekani, kwamba dawa hii ikitumiwa pamoja na insulini inaweza kuleta mshuko mkali wa sukari, hasa kwa wa aina ya kwanza, na kwamba mshuko huo hutokea ndani ya saa tatu baada ya sindano. Dawa yenyewe haishushi sukari chini ya kiwango. Tatizo ni kwamba chakula kinaingia polepole huku insulini ikifanya kazi kwa kasi yake ya siku zote. Kwa sababu hiyo, siku ya kuanza, insulini ya mlo hupunguzwa kwa nusu, kisha hurekebishwa taratibu kwa uangalizi wa daktari. Haichanganywi na insulini kwenye bomba moja, wala haichomwi mahali ilipochomwa insulini, maana yake mlo mmoja sasa una sindano mbili. Mwenye tumbo lililopooza kwa sababu ya kisukari haimfai, kwa kuwa itamlegezea tumbo ambalo tayari limelegea. Asiyezihisi dalili za sukari kushuka haimfai pia. Na vidonge vinavyotakiwa kufanya kazi upesi, kama vya kutuliza maumivu, humezwa saa moja kabla ya sindano au saa mbili baada yake, la sivyo vitakaa tumboni vikisubiri zamu pamoja na ugali.

Nilianza na mikrogramu 15. Siku tatu za kwanza sikuona tofauti yoyote isipokuwa tundu la ziada tumboni. Nilipofika 30 jambo lilitokea mezani. Nilikuwa nimejipakulia ugali, maharage na mchicha kwa kiasi changu cha kila siku, nikafika katikati ya sahani nikajikuta nimesimamisha mkono. Sikuwa nimekinai, wala sikuwa naumwa, nilikuwa nimeshiba. Asiye na kisukari atacheka, lakini kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiacha kula kwa sababu hesabu ya wanga imefika kikomo, au sahani imekwisha, au mke wangu amenitazama. Kuacha kwa sababu tumbo lenyewe limesema basi ni hisia niliyokuwa nimeisahau kabisa, hata jina lake nililitafuta kwa muda kabla sijaligundua. Njaa ya macho, ile inayomfanya mtu arudi jikoni nusu saa baada ya chakula cha usiku kufungua sufuria na kuzifunika tena, ilipungua hadi ikawa kama tabia ya mtu mwingine.

Kihisi cha sukari ninachovaa mkononi kilisimulia habari hiyohiyo kwa njia yake. Zamani, saa moja baada ya wali, mstari ulipanda kama mtu anayekwea mnazi. Sasa ukawa unapanda kwa mwinuko wa kawaida, ukafika juu kwa kuchelewa na kushuka bila vurugu. Hata hivyo kulikuwa na mtego niliouona baada ya wiki kadhaa: kwa kuwa chakula kinacheleweshwa, sukari hujitokeza baadaye, wakati insulini ya haraka inakaribia kwisha nguvu, na hasa baada ya vyakula vyenye mafuta mengi, ambavyo vyenyewe hukaa tumboni muda mrefu hata bila dawa. Sambusa tatu kabla ya pilau zilinifundisha hili kuliko karatasi ya maelezo. Ilinibidi mimi na muuguzi wangu tupange upya wakati wa kujidunga insulini, tukaichelewesha kidogo katika milo ya mafuta, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya mwezi.

Kichefuchefu kilikuja nilipopanda hadi 45. Nasema kilikuja kama vile mtu asemavyo mvua za vuli zimekuja, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuonywa: katika majaribio yaliyowasilishwa wakati wa kuiidhinisha, asilimia 48 ya watu wa aina ya kwanza waliotumia dawa hii walipata kichefuchefu, dhidi ya asilimia 17 ya waliodungwa dawa bandia, yaani sindano ya kulinganishia isiyo na dawa ndani. Kwa wa aina ya pili idadi ilikuwa ndogo zaidi, asilimia 28 dhidi ya 12. Hakikuwa cha kutapika. Kilikuwa kile cha msafiri wa mashua aliyeketi vibaya kati ya Pangani na Unguja: anajua hatatapika, lakini hataki kusikia harufu ya samaki. Kwa wengi hupungua baada ya majuma machache, na ndiyo maana maelekezo yanataka mtu akae kwenye kila kipimo kwa angalau siku tatu bila kichefuchefu cha maana kabla ya kupanda. Nilijaribu 45 mara mbili, nikashindwa mara mbili, nikarudi 30, nako nimebaki. Mwenzangu mmoja wa kliniki alipanda hadi 60 bila kubadili hata sura. Miili haifanani.

Je, faida yake inapimika? Inapimika, ila ni ya kiasi. Katika majaribio, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilipungua kwa takribani pointi 0.3 hadi 0.6, na uzito ulipungua kwa kilo moja au mbili badala ya kuongezeka. Anayetafuta maajabu atavunjika moyo akizisoma namba hizo. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Anayeongeza insulini ili kushusha sukari kwa kawaida hunenepa. Kupata sukari nzuri zaidi huku uzito ukipungua, hata kama ni kilo moja, ni kwenda kinyume na mkondo. Tena HbA1c ni wastani, na wastani hauonyeshi mlima ule wa saa moja baada ya chakula wala uchovu unaoambatana nao.

Kasoro kubwa ya dawa hii niliiona nyumbani, wala haikuwa kosa la dawa. Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda Tanga harusini. Mchana wa walima, nikiwa nimeketi mkekani na wazee, niliona masinia ya pilau yakitoka uani, nikageuka pembeni nikajidunga Symlin, kisha insulini. Masinia yalipita kwenda upande wa wanawake. Sisi tulikuwa bado na dua, baada ya dua maneno ya shukrani, na baada ya shukrani mzee mmoja alikumbuka kisa. Dakika 40 baadaye nilikuwa natokwa jasho na mikono ikitetemeka. Binamu yangu alinipa juisi ya ukwaju yenye sukari ya kutosha kuamsha mji, lakini ilichukua muda mrefu kuliko nilivyozoea kufanya kazi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili kile nilichokuwa nimekisoma: dawa inayochelewesha pilau huichelewesha na juisi ya kukuokoa. Tangu siku hiyo sisafiri bila sindano ya glukagoni ya dharura, ambayo hailihitaji tumbo kwa lolote, na sijidungi mpaka sahani iko mbele yangu na mkono wangu umeshanawa.

Maelekezo yanasema dawa ichomwe mara tu kabla ya mlo mkubwa, yaani mlo wenye kalori 250 au wanga usiopungua gramu 30, na mlo ukirukwa sindano nayo irukwe. Kwa mtu anayekula peke yake saa sita na nusu kila siku, akiwa na chakula alichokipima mwenyewe, sharti hilo ni jepesi. Kwa mila ya meza yetu, ambako chakula humsubiri mgeni, mgeni humsubiri mwenye nyumba, na mwenye nyumba husubiri adhana, ni sharti linalomlazimisha mgonjwa awe mkavu wa adabu. Nilijifunza kusema, “Shangazi, naomba niwekewe sahani yangu kwanza, ni kwa ajili ya dawa,” na shangazi, ambaye hawezi kuvumilia mtu kuonekana mgonjwa mbele ya wageni, alianza kunipakulia jikoni kwa siri.

Joto ni suala jingine. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na iliyofunguliwa inaweza kukaa nje iwapo joto halizidi nyuzi 30. Minnesota wasiwasi wangu ni isigande kwenye gari wakati wa theluji, kwa kuwa ikiganda haifai tena. Tanga mwezi Februari nyuzi 30 hupitwa kabla ya chai ya saa nne. Nilitumia mtungi mdogo wa udongo uliotiwa mchanga wenye unyevu, ule ambao watu wa kwetu wamehifadhia insulini tangu zamani, na kalamu ilikaa vizuri kwa wiki tatu. Mtengenezaji hakuandika habari za mtungi popote.

Upatikanaji wake ni sura ya kuchosha. Sijaiona katika duka lolote la dawa nyumbani, na hata Marekani si kila mfamasia anayeiweka. Yangu iliagizwa kila mara. Bima yangu, ambayo sitaitaja, ilitaka barua ya daktari, kisha barua ya pili kueleza ya kwanza, na kila Januari ilisahau zote mbili. Sababu mojawapo ya dawa hii kutosikika ni bahati mbaya ya ukoo. Mwezi mmoja tu baada ya Symlin kuidhinishwa, kampuni ileile iliidhinishiwa Byetta, yaani exenatide, dawa ya kwanza ya jamii ya GLP-1, yaani dawa zinazoiga homoni ya utumbo ya jina hilo, iliyotokana na mate ya mjusi wa jangwani. Byetta haikuhitaji kupunguza insulini kwa nusu wala haikubeba onyo la namna ile, na soko la aina ya pili ni kubwa mara nyingi kuliko letu. Kampuni ilinunuliwa na Bristol-Myers Squibb mwaka 2012, kisha biashara hiyo ya kisukari ikaishia mikononi mwa AstraZeneca. Ndugu mdogo akawa maarufu, mkubwa akabaki nyumbani.

Ajabu ni kwamba sasa kila mtu anaizungumzia amilini tena, ila kwa ajili ya unene. Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark imetengeneza kagrilintaidi, ndugu wa pramlintaidi anayedumu mwilini kiasi cha kudungwa mara moja kwa wiki, na kuichanganya na semaglutaidi, dawa ya jamii ya GLP-1, katika dawa inayoitwa CagriSema. Desemba 2024 ilitangaza kwamba katika jaribio la watu zaidi ya 3,400 lililochukua wiki 68, waliofuata matibabu kikamilifu walipungua uzito kwa wastani wa asilimia 22.7, na soko la hisa likaiadhibu kampuni kwa sababu lilitarajia 25. Nilipoisoma habari hiyo niliitazama kalamu yangu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 48 hivi, nikaona kwamba kasoro yake yote ilikuwa muda. Homoni ni ileile, mlango ni uleule wa shina la ubongo. Aliyeweza kuifanya idumu juma zima ameitoa kwenye saa ya mlo na kuiondolea sehemu kubwa ya usumbufu nilioueleza hapa. Hata hivyo sisi wa aina ya kwanza tunahitaji kitu kinachokuja na chakula na kuondoka na chakula, kama kongosho linavyofanya, na sina hakika kwamba shibe isiyozimika kwa siku saba ndiyo niliyoipoteza nikiwa kijana.

Ningempendekezea nani? Mtu wa aina ya kwanza anayehesabu wanga bila kuchoka, anayevaa kihisi cha sukari, anayezihisi dalili za kushuka, ambaye sukari yake baada ya mlo haikubali kutulia na ambaye daktari wake hupokea simu. Huyo ataipata thamani ya usumbufu wake. Mtu anayeruka milo, anayesahau insulini, au anayeishi mahali ambapo hata vipande vya kupimia sukari ni vya kuhesabu, asiiguse. Kati ya nyota tano naipa tatu na nusu: mbili kwa kazi yenyewe, moja kwa vipimo vinne visivyoruhusu kosa, na nusu kwa ajili ya ile sahani ya ugali niliyoiacha katikati.

Kwa sasa, kwa makubaliano na daktari, naitumia kwenye chakula cha usiku tu, mikrogramu 30, mlo ambao najua saa yake na najua aliyeupika. Mwezi ujao nakwenda Tanga tena, kwenye harusi nyingine. Kalamu itabaki jokofuni Minnesota, na mpira wake mwekundu.